Fausto Coppi: Bingwa wa Milima Aliyeangushwa na Mbu

Jumatatu ya tarehe 1 Julai 2024, baada ya swala ya alasiri, niliketi barazani kwetu, simu mkononi na kikombe cha kahawa tungu pembeni. Mbio za baiskeli za Tour de France zilikuwa katika siku yake ya tatu. Mwaka ule zilianzia Italia, na siku hiyo msafara ulitoka Piacenza kwenda Turin, mwendo wa kilomita 230. Jua lilipokaribia kuchwa, waendeshaji wakaingia mjini wakiwa kundi moja, wote wakikimbilia utepe. Akachomoka kijana mmoja wa Eritrea, Biniam Girmay, akawapita Wazungu wote na kuinua mikono juu. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour tangu mbio hizo zianze mwaka 1903. Nilipiga ukelele mpaka mke wangu akatoka ndani kuuliza kuna msiba wa nani.

Lakini kilichonifanya niandike leo kilitokea mapema zaidi siku hiyo. Msafara ulipita mji mdogo uitwao Tortona, na kilima kimoja cha hapo kilikuwa kimepewa jina la Fausto Coppi kwa heshima yake. Mzee mmoja jirani yetu, mtu wa mpira, alikuwa akichungulia simu yangu begani. Akataka kujua huyo Coppi ni nani hata kilima kiitwe kwa jina lake. Nikamjibu kwamba ni Mtaliano aliyekuwa bingwa kuliko wote wa zama zake, na kwamba alifia katika mji huohuo kwa malaria aliyoipata Afrika. Mzee hakuniamini. Kwake yeye malaria ni maradhi yetu sisi tulalao bila chandarua, si ya bingwa wa Ulaya. Nikamuahidi kwamba kisa chote nitakiandika. Ahadi ni deni, na deni hili nimechelewa kulilipa.

Kwanza nieleze kidogo, kwani najua wengi hapa Pwani wanaijua baiskeli kwa kubebea mikate na madumu ya maji. Mbio hizi kubwa huchukua wiki tatu. Kila siku ni hatua moja: leo tambarare, kesho milima. Muda wa kila mtu hujumlishwa siku hadi siku, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hivyo mtu anaweza kushinda hatua tano akalikosa taji, na mwingine akalitwaa bila kushinda hata hatua moja. Kiongozi wa Tour huvaa jezi ya njano, na yule wa Giro d'Italia, mbio za Italia, huvaa ya rangi ya waridi. Mimi nilianza kuzifuatilia mwaka 2013, pale Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliposhinda Tour kwa mara ya kwanza. Mtu akishaingia katika mapenzi haya, hatosheki na ya leo. Huanza kuuliza kabla ya huyu alikuwa nani, na kabla ya yule. Ukirudi nyuma hivyo, lazima utafika kwa Coppi.

Fausto Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kaskazini magharibi mwa Italia. Kwao walikuwa wakulima, watoto watano, maisha ya kubangaiza. Shule haikumkaa. Alipofika miaka kumi na mitatu akaenda kufanya kazi kwa muuza nyama katika mji wa Novi Ligure, na kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Vilima vya huko ndivyo vilivyomjenga miguu. Alikuwa na ami yake baharia, na baharia huyo ndiye aliyetoa pesa kijana akanunua baiskeli ya mashindano. Sisi watu wa bandarini tunajua baraka ya kuwa na jamaa melini.

Hapo Novi Ligure aliishi bwana mmoja kwa jina Biagio Cavanna, bondia wa zamani aliyepofuka macho, ambaye kazi yake sasa ilikuwa kuwakanda misuli waendesha baiskeli. Cavanna hakuweza kumuona Coppi, ila alimsoma kwa vidole. Ukimtazama kwa macho, kijana hakuwa na umbo la bingwa: kifua kimetokeza kama cha ndege, miguu mirefu myembamba, mifupa ya kuvunjika ovyo. Lakini yule kipofu aliona walichokikosa wenye macho, akamsomesha kula, kulala na kujinyima.

Mwaka 1940 Coppi akachukuliwa na timu ya Legnano. Hakuchukuliwa kuwa mfalme, bali kumtumikia mfalme aliyekuwepo, Gino Bartali, ambaye alikuwa ameshashinda Giro mara mbili na Tour mara moja. Katika mchezo huu mtumishi hukata upepo mbele ya bwana wake, humletea maji, na hata gurudumu lake humpa akipata pancha. Mwanzoni mwa Giro ya mwaka huo Bartali alianguka akaumia, na njia ikafunguka. Siku ya kuvuka milima kwenda Modena, Coppi akawaacha wote na kuvaa jezi ya waridi, na hakuivua tena mpaka Milano. Alikuwa na miaka ishirini tu, na mpaka leo hajatokea mshindi wa Giro mdogo kuliko yeye. Mbio zilimalizika tarehe 9 Juni 1940. Kesho yake Italia ikaingia vitani.

Vita vilimla miaka yake mizuri. Mwaka 1942, Milano ikiwa tayari inaangukiwa na mabomu, alivunja rekodi ya dunia ya kuendesha saa moja uwanjani, kilomita 45 na zaidi kidogo, na rekodi hiyo ikadumu mpaka 1956. Mwaka uliofuata akapelekwa Afrika Kaskazini kama askari, akatekwa na Waingereza huko Tunisia, na akakaa kambini mwa mateka. Mwaka 1945 akarudishwa Italia akiwa bado mateka, akamtumikia afisa mmoja wa Kiingereza aliyemruhusu kuendesha baiskeli tena. Alipoachiliwa, sehemu kubwa ya safari ya kurudi kwao kaskazini aliifanya kwa baiskeli.

Machi 1946 ndipo Italia ilipomfahamu upya. Katika mbio za Milano hadi Sanremo, karibu kilomita 290, alitoka mapema kabisa na kikundi kidogo, akakiacha mlimani, akaenda peke yake mpaka baharini. Aliwashinda kwa dakika kumi na nne. Inasimuliwa kwamba mtangazaji wa redio, baada ya kumtaja mshindi, alipiga muziki kwa sababu wa pili alikuwa haonekani. Nchi nzima ilikuwa magofu na watu wana njaa. Kumsikia mtu wao akipaa hivyo kuliwapa pumzi.

Hapo ndipo Italia ilipogawanyika. Kulikuwa na watu wa Bartali na watu wa Coppi, na hapakuwa na wa katikati. Sisi tuna Gor na Ingwe, basi fikiria zaidi ya hapo, mpaka ndani ya nyumba moja. Bartali alikuwa mcha Mungu wa dini yake, mtu wa mambo ya kale. Coppi alikuwa mkimya, mtu wa vipimo, chakula maalumu na mazoezi ya kisasa. Tena tuseme kweli, hakuficha kwamba alitumia vidonge vya kuchangamsha mwili. Enzi hizo havikuwa haramu kwa sheria za mchezo, lakini havikuwa na heri. Ushindani wao ulifika pabaya. Mwaka 1948, katika mashindano ya ubingwa wa dunia nchini Uholanzi, kila mmoja alikuwa akimvizia mwenzake asishinde, mpaka msafara ukawaacha na wote wawili wakajitoa. Wakafungiwa na chama chao, na aibu ikawa ya Italia nzima.

Mwaka 1949 ndio nikipewa nafasi ya kurudi nyuma nitauchagua. Tarehe 10 Juni, katika Giro, hatua ilitoka Cuneo kwenda Pinerolo, kilomita 254, na ndani yake vilima vitano vya Alps. Coppi akachomoka kwenye kilima cha kwanza, akaenda peke yake kilomita 192. Mbali kuliko Mombasa hadi Manda Island? La, lakini ni zaidi ya Mombasa hadi Malindi, tena unaongeza zaidi ya nusu ya njia ya kurudi, na badala ya lami tambarare weka milima ya mvua na tope. Bartali akaja wa pili, karibu dakika kumi na mbili nyuma. Mwezi uliofuata Coppi akaenda Tour kwa mara ya kwanza. Mambo yakamwendea kombo: akaanguka, baiskeli ikavunjika, akakaa njiani akingoja nyingine, na akabaki zaidi ya nusu saa nyuma ya kiongozi. Akataka kurudi nyumbani. Kocha wake, Alfredo Binda, akambembeleza usiku kucha asiache. Akabaki, akaipanda milima, akafika Paris na jezi ya njano. Hakuna aliyewahi kabla yake kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja.

Halafu yakaja ya kuja. Alikuwa na mdogo wake, Serse, naye mwendesha baiskeli, kipenzi chake na mtu pekee aliyeweza kumchekesha. Juni 1951, karibu na mwisho wa mbio mjini Turin, gurudumu la Serse likanasa kwenye reli ya tramu. Akaanguka, akainuka, akamaliza mbio, akarudi hotelini kwa miguu yake. Saa chache baadaye akafariki, damu imevuja kichwani. Siku chache tu baada ya mazishi Fausto alikuwa Tour, mwili upo, roho haipo. Waliomuona siku ya Montpellier, akiyumba barabarani na kutapika kwa joto, walidhani amekwisha.

Hakuwa amekwisha. Mwaka 1952 alishinda Giro na Tour kwa mara ya pili. Mwaka huo Tour ilipanda Alpe d'Huez kwa mara ya kwanza, na yeye ndiye wa kwanza kufika kileleni. Alimpita wa pili kwa dakika ishirini na nane, hata waandalizi wakaongeza zawadi ya mshindi wa pili ili wengine wapate cha kugombania. Katika Tour hiyo ikapigwa picha mashuhuri kuliko zote za mchezo huu: Coppi na Bartali mlimani, chupa ya maji ikipita mkono kwa mkono baina yao. Watu wanabishana hadi leo nani alimpa nani. Mimi naona la muhimu ni kwamba mahasimu walipeana maji. Mwaka 1953 akachukua Giro ya tano, akimbwaga Hugo Koblet juu ya mlima Stelvio, na kiangazi hichohicho akawa bingwa wa dunia.

La nyumba yake nitalipita haraka, kwa sababu stara ni bora na wahusika wote wako mbele ya haki. Alimuacha mkewe na bintiye, akaishi na Giulia Occhini, mke wa daktari aliyekuwa shabiki wake. Talaka haikuwepo katika sheria za Italia wakati huo. Polisi wakaja usiku nyumbani kwao, kesi ikafika mahakamani mwaka 1955, wakahukumiwa kifungo kilichoahirishwa. Mtoto wao wa kiume akazaliwa Argentina. Waliokuwa wakimshangilia barabarani sasa wakamtemea mate. Siyatetei aliyoyafanya. Lakini naona jinsi watu wanavyomuinua binadamu mpaka mawinguni, kisha wakamkasirikia kwa kuwa si malaika.

Kufikia 1959 alikuwa na miaka arobaini, mwili umechoka, na bado alikuwa akishiriki. Bartali, yule hasimu wake, alikuwa amekubali kuiongoza timu ambayo Coppi angeichezea mwaka 1960. Desemba akapata mwaliko wa kwenda Upper Volta, nchi iitwayo leo Burkina Faso, iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru. Alikwenda na Wafaransa, akiwemo Jacques Anquetil na rafiki yake Raphaël Géminiani. Wakashindana na vijana wa huko mjini Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Kwa mujibu wa Géminiani, yeye na Coppi walilala chumba kimoja, na mbu waliwala usiku kucha.

Wote wawili wakarudi makwao. Kabla mwezi haujaisha, wote wawili wakashikwa na homa.

Nakuomba hapa, ndugu msomaji, uende nami polepole. Ni watu wawili, waling'atwa usiku mmoja, wakapata maradhi mamoja. Huko Ufaransa Géminiani alizimia, watu wakakata tamaa. Lakini damu yake ikapelekwa kuchunguzwa katika Taasisi ya Pasteur, wakaona vijidudu vya malaria ile kali, wakampa kwinini. Akaamka. Huko Italia madaktari walimtazama Coppi, wakaona ni baridi ya Desemba, wakasema ni mafua, kisha nimonia, wakamtibu hivyo. Géminiani alisimulia baadaye kwamba watu wake walipiga simu kutoka Ufaransa kuwaonya Wataliano kwamba ni malaria, wakajibiwa kwamba madaktari wanaijua kazi yao. Sikio la kufa halisikii dawa. Tarehe 1 Januari 1960 Coppi akakimbizwa hospitali ya Tortona, na kesho yake asubuhi akakata roho. Dawa ambayo ingemponya ilikuwepo duniani kwa karne nyingi. Kilichokosekana ni tone la damu chini ya hadubini.

Hata kifo hicho watu hawakukiacha kilale. Mwaka 2002 kulizuka habari Italia kwamba Coppi hakufa kwa malaria bali alipewa sumu huko Afrika kwa kulipiza kisasi. Waendesha mashtaka wa Tortona wakafungua uchunguzi, wakapeleleza, wasipate kitu, wakalifunga jalada. Niliposoma habari hiyo nilicheka kwa uchungu, kwani niliisikia sauti ya mtaani kwetu. Kijana akifa kwa homa, msiba haujaanuliwa ushasikia karogwa, ana jini, kuna aliyemhusudu. Mbu hatajwi.

Nina binamu yangu dereva katika nchi moja ya Ghuba. Miaka kadhaa nyuma alikuja Malindi kwa Idi, akala na kulala kwao bila chandarua, akarudi kazini. Wiki ya pili homa ikampanda. Akaenda zahanati moja ya huko, akapewa vidonge vya mafua na kuambiwa apumzike. Siku mbili baadaye hawezi kusimama. Mamake, yaani mama yangu mdogo, mwanamke asiyejua kusoma ila Qur'ani yake, akampigia simu akamfokea: awaambie ametoka Malindi, wampime damu. Binamu alikuwa akiona haya, na akiogopa kufukuzwa kazi akijulikana ana maradhi ya kwao. Mamake hakukata simu mpaka alipoapa. Akasema, akapimwa, ikaonekana malaria. Leo ana watoto watatu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Na sisi tulioko hapa tuna kosa letu la upande wa pili: kila homa tunaiita malaria, tunakwenda duka la dawa, tunameza bila kupimwa, na homa ikiwa ya kitu kingine tunapoteza siku. Daktari wa Italia aliyesema mafua bila kupima, na mimi niliyewahi kumpa mwanangu dawa ya malaria bila kupima, tofauti yetu ni ndogo. Froome mwenyewe, mnamo 2010, alikuwa na mwili unaodhoofika bila sababu. Alipopimwa alikutwa na kichocho, maradhi yanayojulikana vyema na watoto wa Kwale na Tana River. Akatibiwa, na miaka mitatu baadaye akaivaa jezi ya njano mpaka Paris.

Coppi amezikwa Castellania, pamoja na mdogo wake Serse. Tangu 2019 kijiji kinaitwa Castellania Coppi. Kila mwaka, pale Giro inapofika juu kuliko pote, mahali hapo huitwa Cima Coppi, kilele cha Coppi. Na Géminiani? Mwenyezi Mungu alimpa umri. Aliishi miaka sitini na minne baada ya rafiki yake. Alifariki tarehe 5 Julai 2024, akiwa na miaka tisini na tisa, siku nne baada ya Tour kupita Tortona na Girmay kushinda Turin.

Mzee wangu jirani, deni lako ndilo hilo. Ajali ya mja haisogei mbele wala nyuma, hilo sote twaamini. Lakini tumeamrishwa kutafuta dawa. Ukisafiri ukaugua, au mgeni wako akisafiri akaugua, jambo la kwanza kumwambia daktari ni ulikotoka. Na akitaka kukupa dawa kabla ya kukutoboa kidole, mwombe kwa adabu akutoboe kwanza.